Kabati la Mkwe

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi
Jumapili asubuhi, katikati ya mwezi wa tano, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke nyumbani

Mpendwa binti wa ndugu yangu,

Shikamoo uliyonitumia imenifikia, nami naiitikia kutoka huku: marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama yako mgongo bado unamsumbua, au amekubali kuacha kubeba ndoo? Watoto wanaendeleaje na masomo? Mimi sijambo. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi, na miwani naivaa hata kwa kukata mkate, lakini mikono haitetemeki. Kwa seremala hilo linatosha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Unasema mafundi wa baba yako, Msasa na Kimya, hawasemezani tangu mumzike baba yako, na matofali yamekwisha kushushwa uani ili karakana ikatwe ukuta katikati: Kimya abaki na mbao zake, Msasa na vanishi zake. Yaani huku viti visivyopakwa, kule rangi isiyo na viti! Unaniomba nirudi nikalie kiti cha baba yako kabla ukuta haujasimama. Nitakujibu. Ila kwanza niache nikusimulie watu wa huku.

Si watu wa kwetu, na lugha yao hadi leo inanitoka mdomoni na matege. Nilipoingia katika karakana yao nilitengeneza kabati peke yangu, tangu ubao wa kwanza hadi bawaba ya mwisho, kama tulivyolelewa. Jioni nikalifunika gunia, mtu asije akaona nilivyounga pembe. Asubuhi nikawakuta wamelizunguka, wamekunja mikono. Mkuu wao walimwita Kinyozi, kwa jinsi alivyokuwa akinyoa ubao kwa randa.

“Ndugu mgeni,” akaniuliza, “kabati hili umelioa?”

“Nimelioa kivipi?”

“Basi mbona unalifunika uso?”

Walicheka mpaka mmoja akakalia gundi.

Kumbe kwao hakuna anayemaliza kazi aliyoianza. Ukishaunga fremu unampelekea mwenzako aimalizie, na huyo mwenzako, kwa neno la lugha yao, ni mkwe. Wewe umelea, sasa unaozesha. Na mkwe hafichwi kitu. Unasimama mbele yake unataja kasoro zote: mguu huu una ufa, droo hii hukwama wakati wa mvua. Naye akimaliza anakuita, anakuonyesha alichofanya na kwa nini. Mwaka ukiisha kila mtu ameshapita mikononi mwa kila mtu.

Mwanzoni niliona wamechanganyikiwa. Mimi na baba yako ufundi tuliuiba kwa macho, tukijifanya tunafagia, maana bwana wetu alikuwa akifika kwenye kiungo cha mwisho anatupa mgongo. Ndivyo Msasa anavyokoroga vanishi hadi leo, na ndivyo Kimya anavyokaa juu ya vigezo vyake vya kukatia mbao kama kuku anayeatamia. Si roho mbaya. Hakuna aliyewaonyesha namna nyingine.

Nilielewa siku Kinyozi alipopoteza macho. Alivua aproni, akaitundika, akaenda kwa mwanawe. Kesho yake mteja alikuja kuchukua meza, akaipapasa, akasifu, akaondoka bila kujua kwamba kuna mtu amepungua. Nilisimama na patasi mkononi nikawaonea fahari watu ambao si wa damu yangu. Kwetu mtu mmoja amekufa, na matofali yako uani.

Sikuambii uwaige kwa kila kitu. Hawa huingia kazini bila salamu, kama ng'ombe wanaoingia zizini. Hilo lilinishinda. Nikawa napita meza kwa meza, umeamkaje, nyumbani salama. Walinicheka. Sasa nisipopita wananiuliza kama nimenuna, na mashine haiwashwi. Wamechukua letu, nami nimechukua lao, na hakuna aliyegeuka kuwa mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua stuli moja tu, usianze na makabati. Kimya aiunge, kisha aipeleke mwenyewe kwa Msasa, aseme kwa mdomo wake palipo na ila. Atakuwa anatoa maneno kama anang'olewa meno, mwache. Msasa naye aimalizie huku Kimya akitazama, asimpe mgongo. Na waitane mkwe. Neno hilo kwetu lina makali kuliko huku, maana hakuna mtu wa kwetu anayempandishia mkwe sauti. Natamani nimwone Msasa akimeza matusi yake! Wakikataa, jenga ukuta, ila ujue walikataa stuli, hawakukukataa wewe. Kiti cha baba yako kikalie mwenyewe. Ndiwe uliyeona tatizo wakati wao wanapima ukuta.

Nisalimie mama yako, mwambie ndoo aiache. Msalimie shangazi yako mdogo na ucheshi wake, pacha wote wawili, na jirani fundi cherehani kama bado anakopa sindano. Kimya na Msasa wape salamu moja, wagawane. Mungu aitie baraka mikono yako, na aliyelala pale nyumbani ampumzishe pema.

Sasa jibu lako. Nauli ninayo, na magoti yangeivumilia safari. Lakini nikikaa pale, Msasa atakuja kwangu asubuhi, Kimya atakuja jioni, na wao kwa wao hawatasemezana kamwe. Nikifa mimi, matofali yatarudi uani. Nimelifikiria kwa siku nyingi, na si jambo jepesi kwangu kuliandika. Usinitayarishie chumba, mwanangu. Sitarudi.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
Baba yako Mkubwa