Mstari wa Wino

Mdogo wangu Yueh-hung,

Huku nyumbani tunaendelea. Paka amezaa chini ya madhabahu ya mababu, na perege bwawani wamenenepa. Baba angefurahi.

Uliniuliza kwa simu alikufaje, nikakwepa. Mwiba wa perege ulimchoma mguuni. Wekundu ulipotokea, shangazi alisema ni nyoka wa ngozi, na kwamba akiuzunguka mwili kichwa kikakutana na mkia, mtu hufa. Akamchorea duara la wino wa hirizi ili nyoka asipite. Chai haijapoa, wekundu ukavuka wino.

Hospitalini nako muuguzi akauzungushia mstari kwa kalamu. Baba akacheka. "Na wewe, mwanangu, unamfunga nyoka?"

"Simfungi, babu. Naangalia anaelekea wapi."

Daktari alitukaripia. "Mtu ini lake limesinyaa hivi, nyinyi mnamchorachora? Mwili wake hauna nguvu ya kupigana na vijidudu vya mwiba." Wakaukata mguu, lakini wekundu ulikuwa umeshafika kiunoni.

Nenda kapime ini, Yueh-hung. Mimi nimepima. Langu ni kama la Baba.

Leo asubuhi nilikuwa natoa perege wavuni, mmoja akanichoma kidole. Nimejichorea mstari chini ya kiwiko, pale wekundu ulipofikia, nimeita teksi, na sasa nimekaa mlangoni nakuandikia huku naisubiri. Nilipoandika jina lako hapo juu, wekundu ulikuwa bado ndani ya mstari.

Dada yako,
Yueh-chin