Nyasi Nilizozipanda Bwawani

Mjukuu wangu Naserian,

Sisi huku Kitengela tuko wazima, shukrani kwa Mungu. Goti la babu yako limepata nafuu, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini uko na jina la Kimaasai na sisi ni watu wa Bungoma.

Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, nikitunza bwawa la matete. Maji machafu ya kiwanda yalipita polepole kwenye mizizi ya yale matete, yakapoteza uvundo, ndipo yakaingia mtoni walikokunywa ng'ombe. Kikaja kiangazi kikali. Kijani kilichobaki kilikuwa matete yetu tu, basi wafugaji wa Kimaasai wakaingiza ng'ombe, wakayala yote. Haukupita muda, mto ukanuka, na ng'ombe wale wale wakakataa kunywa.

Mzee wao akanijia kimya, nyasi mkononi. Mimi nikadhani ameniletea miche! Nikazipokea, nikazipanda kwenye tope. Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake, kisha akanieleza kwamba kwao anayeshika nyasi anaomba amani. Kesho yake watu wake walileta mizizi ya matete kutoka juu ya mto, tukapanda pamoja. Maji yakawa mazuri tena, nami nikapata majirani ambao nawashukuru hadi leo.

Ulipozaliwa, nilimwomba mzee yule akupe jina. Akakuita Naserian, mwenye amani. Alikuja na nyasi mkononi, amezing'oa kando ya bwawa lile lile.

Safari hii sikuzipanda.

Ni mimi,
Kukhu, nyanya yako