Moto wa Baba Nyuma ya Kioo

Karakana,
Jumanne asubuhi.

Kwako Dada,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wawili, hasa yule mdogo aliyekuwa na kikohozi. Nilimwambia Baba kwamba amepona, akafurahi sana. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi imeshika kisawasawa, maji ya kwenye pipa yanauma vidole, na hapa karakana nimevaa makoti mawili hata kushika nyundo ni kazi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini wewe Dada kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo umeshamaliza sentensi yangu kwa niaba yangu, na mara nyingi huimalizia vizuri kuliko nilivyotaka kuisema mwenyewe. Jambo hili silitaki limaliziwe na mtu. Halafu najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia mwisho. Leo nakuomba, tafadhali, anza mwanzo na usiruke mistari. Jumamosi unakuja na gari kumhamisha Baba kutoka nyumbani kwake, na nataka uwe umeyajua haya kabla hujaliwasha.

Nianze na jiko lenyewe, maana ndilo lililotufikisha hapa. Baba alilisha tanuri la kiwanda cha kufulia nguo miaka thelathini na moja. Mlango wake ulikuwa wa chuma, wenye kitundu cha kuchungulia kisichozidi sarafu. Alikuwa akirudi nyumbani uso umebabuka kwa moto ambao hajawahi kuutazama vizuri. Kwa hiyo nilipomwambia mwaka huu nitamtengenezea jiko la kuni la kupasha nyumba joto, hakuuliza litakuwa kubwa kiasi gani wala litakaa wapi. Aliuliza kama litakuwa na kioo. Alisema amechoka kuhudumia moto asioujua sura.

Unaukumbuka ule moto wa wazi tuliokulia. Magoti yanaungua, mgongo barafu, kuni zinakwenda rundo zima na joto lote linapanda bombani kuwapasha ndege. Mimi nilimweleza Baba kuwa jiko langu litamwonyesha ndimi za moto bila ule ufujaji, tena kwamba kuuona moto ndiyo njia ya kujua kama unawaka vizuri. Kuni zikiwa kavu na hewa ikitosha, moshi wenyewe unashika moto na kuungua humo humo ndani, na kioo kinabaki cheupe. Ukiona kioo kinaingia weusi, ujue unachoma kuni mbichi au umeunyima moto pumzi, na joto lako linatoka nje likiwa moshi.

Basi mzee akawa mwanafunzi. Akawa anagonganisha vipande viwili vya kuni na kutega sikio, vikilia kavu anavipeleka ndani, vikilia bubu anavirudisha chini ya mapaa. Nilipomfundisha kupanga vigogo chini na kuwasha vijiti juu, ili moto ushuke taratibu na kuula moshi wake, alinicheka mpaka akakohoa. Aliuliza kama wiki ijayo nitamfundisha kuvaa suruali kwa kuanzia kichwani. Lakini alivyojaribu mara moja hakurudi nyuma. Vigogo vitatu asubuhi, vitatu alasiri, na yale matofali niliyojengea pembeni yalikuwa yanakaa na joto mpaka anapokwenda kulala. Kiti chake alikigeuza kutoka dirishani kikatazama jiko. Alisema hiyo ndiyo runinga yake, haina matangazo.

Na wewe ulikuja ile Jumapili ya kwanza, ukavua viatu, ukamwambia shemeji kwa simu kwamba mdogo wako hatimaye ametengeneza kitu cha maana. Nilijifanya sikusikia. Nilisikia vizuri sana.

Sasa kuhusu ile siku ya ajali. Nakuandikia kwanza yale ambayo sote tunayajua. Ndani ya bomba la moshi, juu kidogo ya jiko, huwa naweka kisahani cha bati nene chenye mkono unaotokeza nje. Ukiusimamisha mkono, njia ya moshi iko wazi. Ukiulaza, kisahani kinakingama, na joto la makaa linabaki nyumbani badala ya kukimbia. Asubuhi ile Baba aliwasha jiko kama kawaida, ndimi zikaisha, yakabaki makaa mekundu. Akaulaza mkono wote, akakaa kwenye kiti chake kutazama. Saa sita mchana yule mama mshonaji wa jirani alimletea suruali aliyoipunguza kiuno. Alibisha, hakujibiwa, akachungulia dirishani akamwona Baba amelala sakafuni uso chini, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Mungu ambariki mama yule. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Aliingia akamburuta kwa makwapa mpaka barazani, kisha akarudi kufungua madirisha, na yeye mwenyewe kichwa kilimgonga siku mbili.

Daktari alituambia ni sumu ya makaa, ile hewa isiyo na rangi wala harufu, na kwamba dakika kumi na tano zaidi tungekuwa tunachimba kaburi. Kisha akauliza nani aliziba bomba, na kwa nini. Hapo wewe ulikuwa unasikiliza, simu nimeishika mimi juu ya kitanda cha Baba. Baba alijibu kwa sauti ya kukwaruza kwamba aliziba yeye, kama alivyofundishwa. Na mimi nikasema, mbele ya daktari na wewe ukisikia, kwamba sikumfundisha hivyo. Nilisema nilimwonya aache mkono umeinama nusu, na kwamba mzee siku hizi anasahau.

Baba alinitazama, Dada. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na hakioni. Halafu akasema labda kweli amesahau.

Kuanzia hapo wewe uliamua, na ukiamua umeamua. Ulisema mtu anayesahau kitu kitakachomuua hawezi kuishi peke yake, aje kwako kwenye kile chumba cha ghorofa ya nne, nyumba ipangishwe. Sikulaumu. Kwa ulichoambiwa, hata mimi ningeamua hivyo hivyo.

Ila hujaishi naye wiki hizi tano. Mimi napita pale kila siku nikitoka kazini, na nakuambia nilichokiona. Wiki ya kwanza alinishangaza kwa kuniuliza kama jana nilikuja. Nikamwambia nilikuja, akasema naye alidhani hivyo, alitaka tu kuhakikisha. Wiki ya pili nilikuta karatasi ukutani, ameziandika kwa yale maandishi yake makubwa ya kiwandani: ZIMA TAA. UMEKUNYWA DAWA? MLANGO. Nilipomuuliza za nini, alisema anajisaidia. Mama mshonaji alinieleza kuwa siku moja alimwona Baba akifunga mlango, akatembea hatua ishirini, akarudi kuutikisa, akaondoka, akarudi tena, mpaka mara ya tatu akaamua asiende alikokuwa anakwenda. Alikuwa anakwenda kunyoa nywele.

Na jiko haliwashi tena. Anakaa mbele yake amevaa koti na kofia, kioo kikiwa cheupe na ndani hamna kitu. Nimemwambia niwashe mimi nikiwepo, akakataa. Alisema akizoea ataliwasha siku ambayo sipo.

Unajua anachofanya ili kujipima? Anataja mashine za kiwandani kwa mpangilio, kuanzia lango kuu hadi kwenye tanuri, pamoja na majina ya waliokuwa wakiziendesha. Zilikuwa arobaini na mbili. Nimemsikia akizitaja mara tatu na hajakosea hata moja. Akimaliza ananiuliza mimi kama amekosea. Mimi ningejuaje, Dada? Najua tu kwamba kila mara zinafuatana vile vile.

Jana alasiri alinisubiri mlangoni. Alikuwa ameshika kipande cha waya. Aliniomba nifunge mlango wa jiko kwa waya huo, nikaze kwa koleo, asiweze kuufungua kwa mikono. Alisema bado siku chache aondoke na hajiamini, anaogopa asubuhi moja ataamka amesahau kwamba hatakiwi kuwasha. Alisema hataki kuwapa watoto wake aibu ya kumkuta amekufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Na mimi nilifunga. Nilipiga magoti mbele ya jiko nililolitengeneza kwa mikono hii, nikapitisha waya kwenye kitasa, nikauzungusha mara nne, nikakaza. Alisimama nyuma yangu akinishukuru. Nilitoka pale nikasimama nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni, nikalia hadi nikaona haya.

Dada, Baba hakusahau kitu.

Fundi aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja kabla ya zote. Kisahani cha bomba hakiwekwi kizima. Unakikata pengo ukingoni, ukubwa wa kiberiti, ili hata mtu akiulaza mkono wote, hewa mbaya iwe na pa kutokea. Sijawahi kukiuka sheria hiyo, na majiko mengine yote niliyofunga nimeyapitia moja moja wiki hizi, yana pengo. La Baba peke yake ndilo halikuwa nalo. Ilikuwa Jumamosi, wewe unakuja kesho yake, nami nilitaka ukute moto unawaka nyuma ya kioo. Nilipofika kukata pengo, kisu cha mashine kikavunjika na maduka yameshafungwa. Nikakiweka kisahani kizima, nikajiambia nitarudi Jumatatu. Jumatatu nikapata kazi nyingine. Halafu nikasahau. Anayesahau katika nyumba hii ni mimi.

Na mafundisho niliyompa ni yale yale ambayo Baba alimwambia daktari. Nilimwambia ndimi zikiisha na kubaki makaa, aulaze mkono wote. Sikutaja nusu. Kwenye kisahani chenye pengo hayo ni mafundisho sahihi. Aliyafuata neno kwa neno kama alivyofuata kila agizo kiwandani, na alikaribia kufa kwa utiifu.

Siku ile majirani waliniita nikafika mbio, na walipokuwa wanamkimbiza Baba hospitali, niliwaambia nabaki kufunga nyumba. Sikubaki kufunga nyumba. Nilikitoa kile kisahani kikiwa bado cha moto, nikakifunga kwenye koti, nikaja hapa karakana nikakikata pengo, nikarudi kukiweka, ndipo nikaenda hospitali. Kidole gumba changu cha kushoto ambacho nilikwambia kiliungua kwenye kazi, kiliungua hapo.

Utaniuliza kwa nini. Niliogopa jina langu, kwa sababu watu wanalala na majiko yangu ndani ya nyumba zao. Nilikuogopa na wewe pia, baada ya yale maneno uliyomwambia shemeji. Nilidhani ni uongo wa siku moja, mzee atapona, mambo yatapita. Sikujua kwamba ataniamini mimi kuliko akili yake mwenyewe. Hilo ndilo linalonila. Alikuwa anakumbuka vizuri kabisa nilichomwambia, na alikitupa alichokumbuka kwa sababu mwanawe alisema sivyo.

Kwa hiyo Jumamosi usije na gari, na chumba cha ghorofa ya nne wape watoto wachezee. Ukitaka kuja, njoo utukane, nina masikio mawili. Mama mshonaji nitamweleza mwenyewe, maana naye ameshaanza kumsemesha Baba polepole kama anavyosemeshwa mtoto.

Barua hii nampa kondakta wa basi la saa nne, na nikishaiona imeingia mkobani mwake ndipo niende kwa Baba. Najijua. Nikianza na Baba nitakunywa chai, nitasifia chai, nitaongea habari za baridi, na nitarudi nayo mfukoni. Ikishaondoka sina pa kurudi. Nitamfungulia ule waya, nitamwonyesha kisahani na ukingo nilioukata baadaye, na nitamwambia kila neno nililokuandikia hapa. Kuwasha au kutowasha ataamua mwenyewe.

Nisalimie sana shemeji, na wapwa zangu wape mkono wa mjomba wao. Wao walishaambiwa kwamba babu yao anasahau, basi waambie na hili, usinifichie.

Sijui Baba atafanya nini. Huenda akanifukuza na kuniambia nisikanyage tena kwake, na sauti yake ya tanuri unaijua, mtaa mzima utasikia. Akinifukuza, Dada, nitakuwa nimefukuzwa na mzee mwenye akili zake timamu, na nitafurahi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.