Maneno Niliyomwongezea Bi Zuhura

Alhamisi, mwezi wa nane. Upepo tangu alfajiri.

Vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nimefuta skrini mara nne leo, na bado ukipitisha kidole unaweza kuandika jina lako. Mzee Idrisa, mwenye hii kafe ya intaneti ninakofanya kazi, amekwenda kuswali alasiri. Wateja wamekwisha, nami nimejikalisha kwenye mashine namba mbili, ile ambayo herufi zake nusu zimefutika. Naandika haraka haraka kabla sijaanza kujionea aibu.

Leo nimefanya jambo.

Niseme toka mwanzo, kwa ajili ya msomaji mmoja au wawili wa blogu yangu hii. Jumatatu nilipata barua ya kazi kutoka kampuni ya simu, Dar es Salaam, kitengo cha huduma kwa wateja. Kazi yenyewe ni kukaa ofisini na visikilizi masikioni. Mtu anapiga akifoka kwamba simu yake haishiki tangu juzi, wewe unamtuliza, unamwomba radhi, unamwambia mafundi wanalishughulikia. Ofisi ina kiyoyozi. Jibu walilitaka kabla ya kesho jioni.

Mama yangu yuko kijijini Haneti, analima mtama na alizeti. Nilimpigia Jumatatu ileile, na kufika Jumanne kwaya nzima ya kanisani ilikuwa inajua kwamba Esta anakwenda kufanya kazi ofisini Dar. Wameshaniombea. Nadhani hata mbuzi wa jirani wana habari.

Na mimi sitaki.

Haya, nimeliandika. Siku tatu nimelizungusha kichwani bila kuthubutu kulisema hata kwa sauti ndogo, maana ni nani mwenye akili timamu anaikataa Dar kwa ajili ya chumba chenye mashine saba na feni moja hapa Majengo, Dodoma? Wenzangu niliosoma nao wanaitafuta nafasi kama hiyo kwa tochi. Lakini kila nilipoifungua ile barua niliifunga kabla sijafika mwisho, na sikujua kwa nini mpaka leo asubuhi.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo sijamwambia mtu. Siku ya usaili, uliofanyika hapahapa Dodoma, mezani kulikuwa na fomu za aina mbili. Moja ya huduma kwa wateja. Nyingine ya mafundi wanafunzi wa minara ya simu: miezi sita ya mafunzo Morogoro, halafu unazunguka na lori vijijini, sehemu kama Mlali, ambako sasa hivi wanasimamisha minara mipya. Unapanda, unafunga mitambo, unatafuta hitilafu, unalala unapolala. Mshahara wake mdogo. Nilikuwa nimeshaishika hiyo ya pili mkononi. Dada aliyekaa pale mezani akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada yangu, hiyo ya wanaume. Ya kwako hii hapa."

Nikairudisha. Tena nikasema asante.

Kwenye usaili wakanisifu. Wakasema nina sauti ya kumtuliza mtu, kwamba hicho ni kipaji. Nikatabasamu. Hawakujua kipaji hicho nimekipatia wapi, na hapo ndipo anapoingia Bi Zuhura.

Bi Zuhura anauza mchele na maharage, hatua chache kutoka hapa kafe. Babu zake walikuja na misafara ya biashara wakahamia hapa moja kwa moja, na yeye ukimsikiliza utafikiri Majengo yote waliijenga wao. Mwanawe Hamisi ni dereva huko Muskati, Uarabuni. Simu za huko ni ghali, kwa hiyo wanaandikiana barua pepe, na barua pepe za Bi Zuhura kwa miaka mitatu nimekuwa nikizifungua mimi, nazisoma mimi, nazijibu mimi. Si kwamba hajui kusoma. Macho yalikuwa hayaoni herufi ndogo, na kibodi alikuwa anaiogopa.

Hayuko peke yake. Nusu ya wafanyabiashara wa hapa sokoni wana barua pepe nilizowafungulia mimi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukariri neno la siri, niliwapa wote neno moja. Haneti. Mtu yeyote anayejua ninakotoka angeweza kusoma habari za soko zima, nani ana mzigo Singida, nani mke wake amerudi kwao. Nilipokuwa naandaa akili ya kuondoka ndipo nikaona ujinga niliofanya. Basi Jumanne nikaanza kumwita mmoja mmoja, kila mtu achague neno lake mwenyewe. Walilalamika weee. Mzee mmoja muuza alizeti alitaka kujua kama nimemchoka.

Bi Zuhura yeye alikuja jana. Akanigeuzia mgongo, akafunika kibodi kwa khanga, akaandika lake kwa kidole kimoja. Nilipomwomba anitajie ili nimwekee kwenye daftari akanikatalia. "Si umesema la siri? Basi la siri." Miaka mitatu nimekuwa ndani ya barua zake, na kwa dakika moja nimefungiwa nje. Nilicheka. Sikucheka kwa muda mrefu.

Maana leo saa tatu asubuhi karudi na miwani mpya. Kaniitikia shikamoo yangu vizuri tu, kaketi kwenye mashine ya dirishani, kafungua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeifungua printa, vyuma vyote viko chini kwenye gazeti, nikamwona anasoma midomo ikichezacheza. Hakuwa anasoma barua mpya. Alikuwa anarudi nyuma, moja baada ya nyingine, mwezi hadi mwezi.

Nilijua atakachokikuta humo. Au niseme, asichokikuta.

Hamisi si mtu wa maneno. Barua zake zote ni hivi: Mama hujambo, mimi mzima, Idi sitakuja, Hamisi. Basi. Siku ya kwanza kumsomea mama yake barua ya namna hiyo, nilimwona uso ulivyomshuka, akabaki anaangalia skrini kama kuna nyingine inakuja. Nikasikia mdomo wangu unaendelea wenyewe: "Lakini nakukumbuka sana mama yangu, hasa jioni." Bi Zuhura akatabasamu mpaka anatoka mlangoni. Mara ya pili akauliza, "Na jioni je, hakusema?" Ningefanyaje? Nikaongeza. Nimeongeza miaka mitatu. Nimemfanya Hamisi amkumbuke mama yake mvuani, aote wali wa nazi, amsalimie mpaka paka.

"Esta, hebu njoo," akaniita. "Zile za jioni ziko wapi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuja lenyewe, laini, tayari limeshavishwa: mashine inafuta maneno ya zamani, Bi, ikijaa. Angeniamini. Ndivyo ninavyofanya kazi mimi, mtu akiwa na dukuduku namtafutia neno la kulilaza, na lile tatizo lenyewe linabaki palepale.

Nikamwambia ni mimi.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Nilikuwa nashangaa," akasema. "Hamisi nimemzaa mwenyewe. Nikasema labda Uarabuni kumemlainisha." Akaigusa skrini kwa kidole. "Lakini mimi nilikuwa namjibu, Esta. Namwambia na mimi nakukumbuka jioni. Mwanangu kadhani mama yake kachanganyikiwa."

Hilo sikuwahi kuliwaza. Wallahi, kama anavyosema Mzee Idrisa, sikuwahi. Nilidhani nampa mtu furaha, kumbe nilikuwa nimesimama katikati ya mama na mwanawe, kila mmoja anaongea na mimi akidhani anaongea na mwenzake. Nilipiga magoti pale karibu na kiti chake nikamwomba msamaha. Akaniambia nisirudie tena, niende nikafunge printa yangu. Kisha akaivuta kibodi, akaanza kumwandikia Hamisi yeye mwenyewe, kidole kimoja, karibu saa nzima. Sijui aliandika nini. Alipoondoka hakuniangalia. Alifika mlangoni, akageuka, akasema kesho atakuja saa nne nimwekee ileile ya dirishani.

Nikaingia stoo, nikalia kidogo katikati ya maboksi. Aibu, na nafuu pia, vyote kwa pamoja.

Humo stoo ndimo nilimoelewa kwa nini nilikuwa siwezi kuisoma ile barua mpaka mwisho. Ile kazi ya Dar ninaiweza mno. Nimeifanya hapa miaka mitatu bila visikilizi. Mtu anapiga, laini yake imekufa, na mimi namwongezea maneno matamu ya jioni mpaka anakata simu akiwa ametulia, na laini bado imekufa. Ningepandishwa cheo haraka sana. Ningekuwa bingwa wa kusema mafundi wanalishughulikia.

Mimi nataka kuwa huyo fundi.

Sina hoja nyingine. Napenda kujua ni waya upi. Napenda ile dakika printa inapokohoa halafu inatoa karatasi. Woga wangu ulikuwa mwingine kabisa: mshahara mdogo, watu watasema nini, Mama ataiambia nini kwaya, na yule dada mezani aliyeniambia ya kwako hii hapa. Nilimwachia mtu nisiyemjua hata jina anichagulie maisha kwa sababu alisema kwa upole.

Nikanunua vocha. Nikapiga namba iliyo kwenye barua. Nikamwambia mama aliyepokea kwamba nashukuru kwa nafasi, siichukui, ila naomba kuhamishiwa kwenye mafunzo ya minara kama bado kuna pengo. Akaniuliza kama nimeangalia mshahara wake. Nikasema nimeangalia. Akaniuliza kama najua ni kupanda juu kweli, si kwa maneno. Nikasema najua, na urefu naogopa, lakini nadhani nitauzoea. Akaniambia nisikae mbali na simu.

Nimeharibu kila kitu, nilijiambia. Nikarudi kwenye printa.

Saa nane kasoro simu ikalia. Mwanaume, sauti nzito, mkuu wa mafundi. Hakunisalimia sana. Akauliza kama nimewahi kufungua mashine. Nikamwambia nimefungua zote saba za hapa, na moja ilinishinda kuifunga, mpaka leo skrubu zake mbili zilizobaki ninazo kwenye kopo. Nilisikia anacheka, akimwambia jambo mtu wa pembeni yake. Kumbe kuna kijana aliyechaguliwa hajatokea. "Jumatatu saa mbili asubuhi, Morogoro," akasema. "Suruali nene na viatu vya kufunga kamba. Ukichelewa lori halikungoji."

Nimerukaruka peke yangu humu ndani kama mtoto. Mzee Idrisa akatoka nyuma kuangalia kuna nini. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, barua ya Jumatatu, Dar, minara, na kwamba samahani kwa kumficha. Alikasirika, nami nilistahili. Akazunguka meza mara mbili akigombana na vumbi. Mwisho akauliza, sasa hawa wazee atawafungulia nani barua zao. Nikamwambia watafungua wenyewe, mzee, kila mtu ana neno lake. Akanuna kidogo, akaguna, akauliza kama printa nitaimaliza kabla sijaondoka. Nitaimaliza.

Halafu nikampigia Mama.

Hapo ndipo nilipojijua vizuri. Simu inaita na mimi tayari nimeshatunga: Mama, kampuni ni ileile, ila wamenipangia kituo kingine kwanza, cha majaribio, mambo ya Dar yatafuata. Hakuna hata sentensi moja ya uongo kamili humo. Angetulia. Kwaya ingeendelea kuimba.

Nikamwambia hivi: "Mama, Dar nimekataa. Nakwenda kusomea ufundi wa minara ya simu. Mshahara ni mdogo na nitakuwa napanda juu."

Akaniuliza kama nitavaa suruali. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimeugua. Nikasema hapana, mama, ni mzima, na nina furaha. Simu ikakatika. Mtandao wa Haneti unavyojulikana, sijui kama ni mawimbi au ni hasira. Nimejaribu mara tatu, haipatikani.

Kwa hiyo niko hapa, nina kazi niitakayo, na mama ambaye huenda haongei nami. Nimeogopa, sifichi. Lakini nina njaa kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na nimeahidi kuimaliza printa.

Kesho nikishamwekea Bi Zuhura mashine yake nitapanda gari la mchana kwenda Haneti. Nitamwamkia Mama, nitamsaidia kazi iliyopo mkononi, kisha nitamwambia tena ana kwa ana, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza hata moja.