Kiganja cha Kushoto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Dada ameniambia umetoka chumbani kwa Kaka, umerudi kulala kwako, na kwamba umeanza kula. Nimeshukuru. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma.

Jumatano nilikuwa chumba cha walimu nikisahihisha madaftari, mlinzi akaja kuniambia kuna askari anayetembea kwa magongo ananiulizia. Nilimkuta kijana mrefu, mwembamba, amekaa kwenye benchi la wazazi. Alisema wenzake humwita Mlingoti, jina alilobandikwa na Kaka, padre wa kikosi chao.

Nilidhani ameleta pole kama wengine. Alianza kwa vichekesho: eti Kaka aliwalalamikia kwamba maungamo yao yanamchosha, dhambi zilezile kila wiki, hata shetani ameshachoka kuwashawishi. Nilicheka, Mama. Mara ya kwanza tangu tumzike.

Kisha akaacha kunitazama. Alisema siku ile Kaka alipouawa, yeye alipigwa risasi nje ya handaki, akaona damu, akajua amekwisha, akapiga kelele aitiwe padre. Wenzake walimshika Kaka asitoke. Kaka aliwaambia wamwachie, mtu hafi peke yake yeye akiwepo, akatoka akitambaa na kichupa chake cha mafuta matakatifu. Alimpaka kwenye paji la uso, akampaka kiganja cha kulia. Cha kushoto Kaka hakukifikia: risasi ilimwahi.

Jeraha lilikuwa la paja. Kesho yake daktari alimwambia hakuwa hata karibu na kufa. Ulikuwa woga tu, alisema Mlingoti. Woga wake ndio uliomtoa Kaka handakini.

Mama, sasa naungama kwako. Nilimwuliza kijana yule mbona basi hakufa. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, ile ya darasani, wala sikutetemeka. Alifungua kiganja cha kushoto, akakitazama kama mtu anayetafuta jibu lililoandikwa humo. Aibu ikanishika, na ulimi hauna mfupa: nikamwambia kwamba wewe unajua yote, na umeshamsamehe.

Alilia mpaka mlinzi akageukia upande wa pili.

Nimetoa kwa jina lako msamaha ambao hata mimi sijaufikia. Sasa anakuja kwako Jumapili, baada ya misa, kukushukuru. Barua hii nimempa dereva wa basi ili imtangulie. Ukishindwa, usimfungulie, kosa ni langu, nami nitakuja kumwambia ukweli. Ukiweza, usimwambie neno lolote. Mshike tu mkono ule wa kushoto.

Nisalimie Dada na wanawe. Waambie taa iliyowashwa chumbani kwa Kaka tangu msiba wasiizime kwanza.

Ni mimi,
kitindamimba wako