Suruali ya Theluji Niliyoiwekea Mikono

Mama Biubwa mpendwa, nakusalimu kutoka Malvern, huku Gauteng, kwa jina la Yesu, najua wewe ni Muislamu wa Zanzibar lakini salamu haikataliwi, naomba unisikilize kwa sababu nimechoka, magoti yamechoka, macho yamechoka, na sasa hata maombi yangu yamechoka.

Mimi ni mshonaji, mama wa miaka hamsini na mbili, nina cherehani mbili Jules Street karibu na robot, taa za barabarani wanaziita hivyo huku, na miaka minne sasa nawashonea wazee wa klabu moja ya wastaafu wa Gauteng ambao kila Julai wanapanda basi kwenda milima ya Lesotho kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni, watu wa miaka sabini na kuendelea, mimi nikipanda ngazi za kanisa nahema kama mbuzi lakini wao wanashuka mlima wakicheka. Wananiletea makoti na suruali nene, nabadilisha zipu, naziba palipochanika.

Sasa nina desturi niliyoachiwa na mama yangu kule Uvira, nguo ikiisha kushonwa naiwekea mikono na kumwombea atakayeivaa. Mzee mmoja, nitamwita Oom tu kama wanavyoitwa wazee hapa, aliniona nikifanya hivyo, na mwaka juzi akaanguka vibaya kule juu akainuka bila hata mkwaruzo, akawaambia wenzake ni maombi ya Mama Angélique, na tangu hapo wanapanga mstari, hata wasioingia kanisani wanasema usisahau mikono, Mama. Sitakudanganya, nilifurahi, nilijiona mtu.

Wiki iliyopita Oom alileta suruali yake, zipu imekufa. Mshonaji lazima atoe vitu mifukoni kwanza, na mama alinifundisha cha mfukoni hakisomwi, kinafungwa kwenye kitambaa na kurudishwa, lakini karatasi ilikuwa imekunjuka, nikasoma. Ni ya daktari. Moyo umedhoofika, asiteleze tena kabisa. Na klabu yao ina sheria, aliyepita sabini na tano haendi bila barua ya daktari ya mwaka huo ya kumruhusu, na Oom ana sabini na nane.

Alipokuja kuulizia suruali nikamrudishia karatasi, nikamwambia Oom, nimeona. Hakukasirika. Alisema klabu amewapa barua ya mwaka jana, tarehe hawaangalii. Halafu akanishika mkono. "Mama Angélique, daktari ana karatasi, wewe una Mungu. Mimi nimechagua mkubwa. Weka mikono, na Tannie asijue."

Tannie ni mke wake, hakosi kuniletea biskuti zake ngumu za kuchovya kwenye chai. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaweka mikono. Maneno yote nilitamka, lakini ndani palikuwa kimya.

Mume wangu Ignace, ni mlinzi kule Marshalltown, anasema wewe ni mshonaji si daktari, achana na mambo ya watu. Lakini eish, nikimwambia Tannie nimevunja siri ya mteja, nikikataa ni kama nasema maombi yangu hayana nguvu, nikinyamaza huyu mzee atafia ndani ya suruali niliyoibariki. Ataichukua Alhamisi ya mwisho ya mwezi, basi linaondoka Jumamosi yake. Nifanye nini? Oom na Tannie hawasomi Kiswahili, ndiyo maana nimethubutu kukuandikia gazetini.

Angélique, Malvern

*

Salamu imefika, Angélique, na barua yako nimeipandisha juu ya nyingine kwa sababu basi halingoji zamu.

Pole sana. Lakini usijifiche nyuma ya uchovu. Ulipenda kupangiwa mstari. Ulipoisoma karatasi ulikuwa na nafasi ya kusema hapana, ukaogopa wazee wasikuone mdogo. Hilo ndilo kosa lako, si kuomba.

Nani kakwambia Mungu anashindana na daktari? Miaka minne umeomba Oom alindwe. Hujafikiri kwamba ile karatasi ndiyo ulinzi wenyewe, umekuja mpaka mkononi mwako? Sisi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu. Na siri ya mfukoni ni ya barua za mapenzi na risiti za bia. Siri ya kuua mtu haina kitambaa cha kuifungia.

Sasa fanya hivi. Suruali usiitoe. Mwite Oom kabla ya Alhamisi, mkalishe, mpe chai, umwambie kwa kinywa chako kwamba uliiwekea mikono nguo hiyo ukijua, ulikosea, na baraka hiyo hukuitoa kwa moyo. Mpe siku moja amwambie mkewe na kiongozi wa klabu yeye mwenyewe. Ni mtu mzima, usimnyang'anye heshima hiyo. Siku ikipita kimya, funga duka, nenda kwa Tannie, useme lote bila kuzunguka. Huenda ukapoteza mteja. Mpoteze, mradi awe hai. Na Ignace mwambie mlinzi akiona moshi hasemi mimi si zimamoto.

Ila mzee usimwache mikono mitupu. Kinachomtisha si moyo, ni kubaki nyumbani wenzake wakipanda basi. Mshonee blanketi zito la magoti, akae nalo barazani Julai hii na Tannie na zile biskuti. Hilo, Angélique, liwekee mikono yote miwili.

Biubwa