Mayai ya Shaibu

Jumatano, Julai 2008. Mtwara. Kipupwe kimeshika tangu asubuhi, jua lipo lakini halina kazi. Nusu ya mtaa inapiga chafya. Leo sijagusa vyuma.

Mnaonisoma kwenye blogu hii mmenizoea nikitamba. Kwamba mkono wangu ni kama paja la mtu mwingine, kwamba vile vyuma vyangu vya makopo ya rangi yaliyojazwa saruji hakuna wa kuviinua Shangani nzima. Leo sitambi. Nina aibu, na nikikaa nayo itanila.

Naishi kwa dada yangu, Somoe. Mumewe yuko Mahurunga analima, anakuja mara mojamoja. Mtoto wao, Shaibu, ana miaka mitatu. Mwezi wa tano nesi wa kliniki alitazama kadi ya mtoto, akamwambia dada uzito umesimama. Ugali wa muhogo na chai ya rangi peke yake havitoshi. Ampe dagaa, kisamvu, papai, na yai kila kuku anapotaga, mwili upate nguvu ya kupigana na maradhi.

Kuku tunao wawili. Hapo ndipo shetani alipoingia, wala hakupiga hodi.

Mayai hayo nilikuwa nayanywa mimi. Mabichi, na chumvi kidogo, maana mtu wa vyuma bila yai atasimamia nini? Dada alipoanza kumchemshia mtoto, nikakunja uso kama mkubwa wa ukoo. "Dada, we unampa mtoto yai? Wazee walikataza. Mtoto akila mayai anakuwa mwizi."

Msemo huo upo kweli, nimeusikia tangu mdogo. Ila mimi mwenyewe siuamini hata chembe. Tumbo ndilo lililonikumbusha.

Dada angeweza kunicheka. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, neno lake halirudishwi, hata kama mjomba mwenyewe kaishia kidato cha pili na ndevu bado zinatafutana. Akanisogezea kikombe. "Basi kunywa wewe, yasiharibike."

Nikanywa. Miezi miwili.

Wiki iliyopita mafua yaliingia nyumbani, na aliyeyaleta ni mimi. Nikapiga chafya siku tatu, ya nne nikarudi kwenye vyuma, namringia Shaibu: "Ona mjomba wako, mafua yamekimbia yenyewe!"

Yalikimbia kweli. Yalikimbilia kwake.

Kwake hayakutoka. Yakateremka kifuani, na Jumapili alikuwa anahema mpaka mbavu zinaingia ndani. Nikambeba mgongoni hadi zahanati, dada nyuma yangu. Mimi ninayejisifia kubeba vizito, siku hiyo niliogopa wepesi.

Wakasema nimonia, wakampa dawa. Dada akamuuliza nesi, yuleyule wa kliniki, mbona mjomba mtu mafua hayohayo kayamaliza kwa siku tatu? Nesi akasema mafua ni kirusi, humpata yeyote, na mtoto mdogo yanaweza kumzidi hata kama anakula vizuri. Yai si dawa. Lakini mwili uliolishwa una askari, na mwili wenye njaa unapigana mikono mitupu. Kisha akauliza, "Yale mayai niliyokwambia, anakula?"

"Hali, nesi. Kwetu wazee wamekataza. Huyu mjomba wake ndiye aliyenikumbusha."

Nesi akanigeukia. Hakuniangalia usoni, aliniangalia mikono. "Na mjomba je, anakula?"

Nikainama nikajifanya namfunga Shaibu viatu. Hakuwa amevaa viatu.

Leo homa imeshuka. Mchana dada kafuata maneno ya nesi, kachemsha yai, kamenya, kampa. Shaibu kafumba mdomo. Dada kabembeleza, kaimba, wapi! Mwishowe mtoto akaninyooshea kidole, sauti imekwaruzika kwa kukohoa: "Mjomba kasema. Sitaki kuwa mwizi."

Dada akacheka. "Haya mwenye mtoto, mwiko wako utengue mwenyewe."

Ningeweza kusema wazee wamebadili mawazo. Uongo ulishafika ulimini, tena mtamu. Lakini kile kifua kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka mbele yangu.

Nikachuchumaa. "Shaibu, mjomba alidanganya. Yai halimfanyi mtu mwizi. Mjomba alikuwa anayataka yeye."

Dada akaacha kucheka. Hakunitukana, na Somoe kwa matusi nyie hammjui. Alikaa anageuzageuza kijiko, kisha akasema polepole, "Na mimi nilikuwa nakupa kwa mkono wangu, Hamisi."

Basi. Akamsogezea mtoto yai.

Shaibu akang'ata. Akatafuna, akafikiri, akauliza mdomo umejaa, "Kwa hiyo mwizi ni mjomba?"

Nikamwambia ndiyo. Tafuna.

Kala nusu. Dada mpaka natoka kuja huku kwenye kompyuta hajanisemesha. Kesho kuku akitaga nataka nichemshe mimi. Sijui kama ataniachia hata sufuria.